Saa tatu usiku si 3:00: lahajedwali inavyouona muda

Nilipoanza shahada ya uzamili nilikabidhiwa faili la Excel lenye data za mbu. Wakusanyaji walikuwa wamekesha katika nyumba kadhaa za kijiji kimoja, kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi, na kila mbu aliyenaswa aliandikiwa muda wake. Kazi yangu ilikuwa nyepesi ukiisikia: chora grafu, tuone mbu wa kijiji hiki wanauma zaidi saa ngapi.

Nikachora. Grafu ikatoka na vilele viwili, kimoja karibu na 21:00 na kingine karibu na 3:00. Nilifurahi kweli. Nikaanza hata kuandika aya ya kitaalamu kueleza kwa nini mbu hawa wana zamu mbili. Msimamizi wangu akaitazama grafu, akauliza swali moja tu: "Hizi saa aliandika nani?"

Kumbe waandishi walikuwa wawili. Mmoja alikuwa anaandika 21:00. Mwenzake, kwa mbu wa muda uleule, alikuwa anaandika 3:00, kwa sababu kwake ile ilikuwa saa tatu usiku. Na alikuwa sahihi kabisa, ila mashine haikuelewa hivyo. Kwa Excel, 3:00 ni saa tisa usiku. Kile kilele cha pili hakikuwa cha mbu. Kilikuwa cha kibodi.

Unaweza kusema, aah, saa sita tu hizo. Lakini fikiria maana yake. Saa tatu usiku watu wengi bado wako nje: wengine wanapika, wengine wanaangalia mpira kibandani, watoto wanazurura uani. Saa tisa usiku karibu kila mtu yuko kitandani, na mwenye chandarua yumo ndani yake. Kama mbu wanauma zaidi saa tisa, chandarua kinafanya kazi kubwa. Kama wanauma zaidi saa tatu, chandarua peke yake hakitoshi, na kijiji kinahitaji ushauri mwingine. Kosa la saa sita kwenye seli linaweza kuwapa watu ushauri usiowahusu.

Tangu siku hiyo nikaamua kuelewa vizuri lahajedwali inafanya nini unapoandika muda. Jibu lenyewe ni fupi, na ukilishika, matatizo mengi ya saa na tarehe yanaanza kueleweka yenyewe.

Ndani ya seli hakuna saa, kuna namba

Fungua Excel, Google Sheets au LibreOffice Calc. Andika 12:00 kwenye seli yoyote, ubonyeze Enter. Sasa rudi kwenye seli hiyo, nenda kwenye fomati, na uibadilishe kutoka fomati ya muda kuwa namba ya kawaida. Utaona 0.5. Jaribu na 6:00: utaona 0.25. Jaribu na 18:00: 0.75.

Umeona mchezo? Lahajedwali haihifadhi saa. Inahifadhi sehemu ya siku. Siku nzima ni 1. Adhuhuri ni nusu ya siku, basi ni 0.5. Saa moja ni 1 gawanya kwa 24, yaani kama 0.0417. Dakika moja ni 1 gawanya kwa 1,440, na sekunde moja ni 1 gawanya kwa 86,400.

Tarehe nazo ni namba, ila namba nzima: idadi ya siku tangu mwanzo fulani wa kuhesabu. Tarehe 1 Januari 2024, kwa mfano, ni 45292. Ukiweka tarehe na saa pamoja, namba nzima inabeba siku na desimali inabeba muda. Kwa hiyo 45292.75 ni tarehe 1 Januari 2024, 18:00, saa kumi na mbili jioni.

Fomati ni vazi tu. Mtu akivaa kanzu asubuhi na suti mchana ni mtu yuleyule. Na 0.75 ikivaa "18:00", "6:00 PM" au "0.75" ni namba ileile. Ukibadilisha vazi hujabadilisha chochote kilichomo ndani, na kinyume chake pia ni kweli: kitu kinaweza kuvaa kama saa kumbe ndani si saa.

Kwa nini watengenezaji walichagua njia hii? Kwa sababu hesabu za saa tunazoandika kwa mkono zina usumbufu. Ukijumlisha 9:50 na dakika 25, hupati 9:75. Lazima ukumbuke kwamba dakika zinaishia 60, ubebe moja, upate 10:15. Na saa zenyewe zinaishia 24, siyo 100. Ukigeuza kila kitu kuwa sehemu ya siku, kujumlisha muda kunakuwa kujumlisha namba za kawaida, basi. Mashine inajumlisha kwanza, halafu inavalisha jibu vazi la saa.

Sifuri iko wapi?

Ukishajua kwamba muda ni namba, swali linalofuata ni: inahesabiwa kuanzia wapi? Hili swali lishike, maana tutalirudia.

Kwenye Excel ya Windows, siku namba 1 ni tarehe 1 Januari 1900. Hapo kuna kituko. Excel inaamini kwamba kulikuwa na tarehe 29 Februari 1900, na inaipa namba 60. Tarehe hiyo haijawahi kuwepo. Mwaka unaoishia na sifuri mbili unakuwa mrefu pale tu unapogawanyika kwa 400, na 1900 haugawanyiki. Kosa hili lilikuwepo kwenye programu ya Lotus 1-2-3, iliyotoka mwaka 1983 na kutawala ofisi nyingi. Excel ilipokuja ililibeba kosa hilo makusudi, ili mafaili ya Lotus yafunguke bila tarehe kuhama. Mpaka leo limo. LibreOffice na Google Sheets zililikwepa kwa kuanza kuhesabu tarehe 30 Desemba 1899, na kwa sababu hiyo namba zao zinalingana na za Excel kuanzia Machi 1900.

Kuna mwanzo wa tatu pia. Excel za zamani za kompyuta za Mac zilihesabu kuanzia mwaka 1904, na chaguo hilo bado lipo kwenye mipangilio. Tofauti kati ya mifumo hiyo miwili ni siku 1,462. Ukinakili tarehe kutoka faili la mfumo mmoja kwenda la mwingine na ukakuta kila kitu kimehama miaka minne na siku moja, usianze kulaumu virusi vya kompyuta. Sifuri mbili zimegongana.

Halafu lahajedwali haijui uko wapi duniani. Namba 0.75 haisemi kama ni 18:00 ya Dodoma au ya London. Vifaa vingi vya kurekodi joto na unyevu vinaweza kupangwa kufuata saa ya dunia, ile ya UTC, nasi Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele yake. Ukiona joto la kijijini kwako linafika kilele 11:00 badala ya 14:00, jua halijabadilisha ratiba. Ongeza 3/24, yaani 0.125, kwenye kila muda, kisha endelea.

Makosa yanayoanzia kwenye kibodi

Lahajedwali inakisia. Unapoandika kitu, yenyewe inaamua kama ni muda, tarehe, namba au maneno, na haikuulizi. Mara nyingi inapatia. Ikikosea, inakosea kimyakimya. Haya ndiyo niliyokutana nayo zaidi.

La kwanza ni nukta. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kuandika 8.30. Kwa Excel hiyo si saa nane na nusu wala mbili na nusu. Ni namba nane na sehemu tatu za kumi. Ukiivalisha vazi la saa utaona 7:12, na utashangaa imetoka wapi. Imetoka hapa: 8.3 ni siku nane na 0.3 ya siku, na 0.3 mara 24 ni saa 7 na dakika 12. Muda unataka nukta pacha: 8:30. Kama faili lote limeshaandikwa kwa nukta moja, usilirudie kwa mkono. Kwenye safu ya pembeni andika:

=TIME(INT(A2),ROUND(MOD(A2,1)*100,0),0)

Fomula hii inachukua kilicho kabla ya nukta kama saa na kilicho baada yake kama dakika. (Kompyuta nyingine zinataka nukta mkato mahali pa mkato ndani ya fomula. Ikikukatalia, jaribu hivyo.)

La pili ni maneno. Ukiandika "8:30 usiku" kwenye seli moja, lahajedwali inaona maandishi matupu. Hesabu haitafanyika, na ubaya ni kwamba fomula ya SUM ikikuta maandishi ndani ya safu inayaruka bila kukuambia. Utapata jumla inayopendeza lakini pungufu. Dalili yake ni ndogo: kama hujagusa mpangilio wa seli, namba zinaegemea kulia na maandishi yanaegemea kushoto. Ukitaka uhakika, andika =ISNUMBER(A2). Ikijibu TRUE, ndani kuna namba. Ikijibu FALSE, una maandishi yaliyovaa kama saa.

La tatu ni kistari. Fomu nyingi za ukusanyaji zinagawa usiku kwa vipande vya saa, na mtu anaandika "8-9" akimaanisha kati ya saa nane na saa tisa. Excel inaona tarehe: 8 Septemba au 9 Agosti, kutegemea kompyuta imepangwa kwa utaratibu gani. Ndani ya seli sasa kuna namba ya elfu arobaini na kitu, na ile "8-9" yako haipo tena. Wanasayansi wa jeni wanaijua hasira hii. Jeni zenye majina kama SEPT1 na MARCH1 zilikuwa zinageuzwa kuwa tarehe, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Genome Biology ulikuta makosa ya namna hii katika takriban moja ya tano ya makala zilizoambatanisha orodha za jeni za Excel. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza miongozo iliyozingatia jambo hilo, na jeni hizo zikaitwa SEPTIN1 na MARCHF1. Sisi wengine tunaweza kujikinga kwa njia nyepesi: weka mwanzo wa kipande kwenye safu moja na mwisho wake kwenye safu nyingine. Au, kabla ya kuandika chochote, ipe safu hiyo fomati ya maandishi.

La nne ni muda wa saa ya kusimamisha. Umepima mbu alikaa juu ya ukuta wenye dawa dakika 2 na sekunde 15, ukaandika 2:15. Excel inaelewa saa mbili na dakika kumi na tano, mara sitini ya ulichopima. Andika 0:02:15.

La tano ni =NOW(). Inavutia: unaiandika, saa ya sasa inatokea. Lakini hiyo haijarekodi kitu. Kila faili likikokotoa upya, inabadilika kuwa saa ya wakati huo. Mtu anaweza kujaza safu nzima ya "muda wa kupokea sampuli" kwa NOW, na kesho yake sampuli zote zikaonekana zimepokelewa leo, dakika ileile. Kwenye Excel tumia Ctrl na Shift na kitufe cha nukta mkato kwa pamoja. Hiyo inaandika saa ya sasa na kuiacha hapo.

Kuigeuza saa ya Kiswahili

Sasa turudi kwa yule mwandishi wa pili. Tumwambie aache saa za Kiswahili? Tunaweza, lakini mtu aliyechoka, usiku wa manane, tochi mdomoni, ataandika anavyofikiri. Mimi naona ni salama zaidi kumwachia aandike saa yake, mashine ifanye ugeuzaji, mradi tu fomu iwe na safu mbili: moja ya saa, nyingine ya M au U.

M ni ya mzunguko wa mchana: kuanzia saa 1:00 asubuhi hadi saa 12:59 jioni. U ni ya mzunguko wa usiku: kuanzia saa 1:00 usiku hadi saa 12:59 asubuhi. Angalia vizuri saa kumi na mbili, ndiyo inayopoteza wengi. Saa 12 asubuhi, jua likichomoza, inafunga mzunguko wa usiku, kwa hiyo ni U. Saa 12 jioni inafunga mzunguko wa mchana, kwa hiyo ni M.

Saa za mchana zinaongezwa sita ili kupata saa za Kizungu. Saa za usiku zinaongezwa kumi na nane, na zikizidi 24 unatoa 24. Kwa lugha ya sehemu ya siku, sita ni robo na kumi na nane ni robo tatu. Basi, kama saa iko A2 na herufi iko B2:

=MOD(A2+IF(B2="M",0.25,0.75),1)

MOD(…,1) inatupa siku nzima zilizozidi na kubakiza desimali. Tujaribu. Saa 3:00 U: 0.125 jumlisha 0.75 ni 0.875, yaani 21:00. Sawa. Saa 7:00 U: inazidi moja, inakatwa, inabaki 1:00. Sawa. Saa 12:30 U, jua limeshachomoza: 6:30. Sawa.

Usiku wa manane

Mkusanyaji ameingia 22:00 (saa nne usiku) na kutoka 4:00 (saa kumi usiku). Amefanya kazi saa ngapi? Kichwani ni sita. Lakini ukiandika =B2-A2, Excel inakupa msururu wa alama za ####. Si kwamba safu ni nyembamba. 4:00 ni 0.1667 na 22:00 ni 0.9167, ukitoa unapata hasi 0.75, na Excel kwa kawaida haina vazi la muda hasi.

Dawa ni ileile MOD:

=MOD(B2-A2,1)

Hasi 0.75 inageuka 0.25, saa sita. Lakini inafanya kazi pale tu ambapo tofauti haifiki saa 24. Mtu akitega mtego Jumatatu saa nne usiku na kuutoa Jumatano saa kumi alfajiri, MOD itasema saa sita vilevile, maana haijui siku. Kwa kazi ndefu, andika tarehe na saa pande zote mbili, halafu toa moja kwa moja.

Na kuhusu tarehe, kuna jambo la kukubaliana kabla ya kwenda uwandani. Kwa lahajedwali, siku inageuka saa sita usiku. Kwa mkusanyaji, usiku ni mmoja tangu jua lizame. Usiku wa kuamkia tarehe 13, mbu wa saa tano ana tarehe 12 na mbu wa saa saba ana tarehe 13, wakati wote ni wa usiku mmoja, nyumba moja. Ukijumlisha kwa tarehe utaukata kila usiku vipande viwili. Ongeza safu ya "namba ya usiku", ujumlishe kwa hiyo.

Posho iliyopotea

Mkusanyaji huyo amefanya saa sita kila usiku, siku tano. Jumla ni saa 30. Excel itakuonyesha 6:00. Haijakosea hesabu, ndani kuna 1.25, siku moja na robo. Ila vazi la kawaida la saa linaonyesha saa ya ukutani, na saa ya ukutani ikifika 24 inaanza upya. Badilisha fomati iwe [h]:mm, na mabano yale ya mraba yaache hivyohivyo. Sasa utaona 30:00.

Halafu anakuja mhasibu. Tuseme posho ni shilingi 2,000 kwa saa. Anazidisha seli ya jumla kwa 2,000 na kupata 2,500. Kijana wa watu amekesha siku tano kwa shilingi elfu mbili na mia tano! Ni kwa sababu amezidisha siku 1.25, siyo saa 30. Kabla ya kuzidisha kwa bei ya saa, zidisha kwa 24:

=C7*24*2000

Jibu ni 60,000. Kosa hili nalipa uzito kuliko yote ya hapa, kwa sababu anayeumizwa nalo mara nyingi halioni faili.

Jambo dogo la kuongeza: 1/24 haina mwisho kwenye desimali, kama vile 10 gawanya kwa 3. Ukijenga ratiba kwa kuongeza saa moja moja, 23:00 ya hesabu inaweza kutofautiana na 23:00 uliyoandika kwa mkono, tofauti ndogo isiyoonekana kwa macho, na fomula ya kulinganisha ikasema hazilingani. Geuza kuwa dakika nzima kwanza, =ROUND(A2*1440,0), ndipo ulinganishe.

Mbu wa adhuhuri

Mwisho kabisa ni wastani. Mbu mmoja kauma 23:00, mwingine 1:00. Wastani wa muda wao? Mtoto wa shule atakuambia saa sita usiku. AVERAGE itakuambia 12:00, saa sita mchana, jua la utosi. Hesabu yake ni safi: 23 jumlisha 1, gawanya kwa 2. Tatizo ni pale pale: sifuri iko wapi? Kwa mashine sifuri iko saa sita usiku, katikati ya data yetu, na imewatenganisha mbu wawili waliokuwa jirani.

Suluhisho ni kuihamisha sifuri mahali ambapo hakuna data inayoivuka. Usiku wetu unaanza 18:00, ambayo ni 0.75. Basi:

=MOD(A2-0.75,1)

Sasa 23:00 inakuwa saa 5 tangu jua kuzama, na 1:00 inakuwa saa 7. Wastani ni saa 6. Ongeza 0.75 ukitaka kurudi kwenye saa ya Kizungu, na unapata usiku wa manane, kama inavyopaswa.

Hebu zisome tena hizo namba. 23:00 imekuwa tano. 1:00 imekuwa saba. Saa tano usiku, saa saba usiku. Tumezunguka kote huko na fomula zetu, tukarudi kwenye saa ya Kiswahili! Yule mwandishi wa pili, ambaye nilitaka kumlaumu kwa kuharibu grafu, alikuwa anaandika kwa sifuri iliyo sahihi zaidi kwa swali letu. Saa yake inaanza kuhesabu jua linapozama, na viumbe tuliokuwa tunawafuatilia nao wanaanza kazi jua linapozama. Kosa halikuwa saa yake. Kosa lilikuwa kuchanganya sifuri mbili kwenye safu moja bila alama ya kuzitofautisha.

Data zangu niliziokoa nyingi. Fomu za karatasi zilikuwepo, na kila ukurasa ulikuwa na herufi za mwandishi, kwa hiyo nilijua 3:00 ipi ni saa tatu na ipi ni saa tisa. Kurasa chache hazikuwa na herufi. Hizo hakuna fomula ya kuziokoa, namba 0.125 imekaa pale, haisemi ilitoka kwa nani. Tuliziweka kando.

Kilele cha pili kilipotea kwenye grafu, na aya yangu ya mbu wa zamu mbili nikaifuta. Tangu hapo, nikipokea faili la mtu, kabla sijachora chochote nachagua safu ya muda na kuivua vazi, nizione namba zenyewe. Halafu nauliza kama msimamizi wangu: hizi saa aliandika nani, na alianza kuhesabu wapi?